Kisongo au KIA mwezi wa saba? Wageni wanatoka Zanzibar na mawingu nayaogopa

Sakina_Juu
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka kabla sijalipia tiketi. Nina wageni wanatoka Zanzibar mwezi wa saba. Nimepata njia mbili: ndege ndogo inayokuja moja kwa moja Kisongo, uwanja wa Arusha mjini, asubuhi, au kubwa inayopitia Dar na kutua KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. Sasa mwezi wa saba mnaujua, asubuhi Mlima Meru huuoni, wingu limelalia bati. Jirani kanitisha kwamba Kisongo ndege zinafika halafu zinashindwa kushuka. Nichukue ipi? Nawasilisha.

BomangombeStendi
KIA. Uzi ufungwe.

MamaTengeru
Haufungwi. Mleta mada, wageni wangapi? Wazee au vijana? Mizigo? Wanatua saa ngapi, na siku hiyo wana shughuli au wanakuja kulala tu? Unakuja kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza.

Ngarenaro_Original
Kisongo bila kufikiria mara mbili. Unatoka uwanjani, dakika chache uko mjini unakunywa supu. KIA ni safari nyingine: Kikatiti, Maji ya Chai, Usa, Tengeru, foleni. Mawingu yapo kila mwaka na ndege ndogo zinatua kila siku.

BomangombeStendi
Zinatua zikiona chini. Zisipoona zinakuja kwetu.

PakiaPakua
Niliwahi kupakia mizigo Kisongo, ngoja niwaeleze tulivyokuwa tunaona na tulivyoelezwa na marubani. Kwanza hayo mawingu siyo ya Arusha, yanatoka baharini. Kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa tisa ni msimu wa kusi, upepo unaleta unyevu wa Bahari ya Hindi mpaka huku. Ukifika kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro unapanda, unapoa, unageuka wingu la chini. Usiku linatanda, asubuhi limekaa tu. Jua likipata nguvu, saa tano au saa sita linaanza kupasuka. Siku nyingine halipasuki mpaka jioni.

Pili, Kisongo iko juu. Uwanja uko karibu mita 1,390 kutoka usawa wa bahari, KIA karibu 890. Tofauti ni kama mita 500. Wingu lilelile likikaa kwa usawa mmoja, KIA bado kuna nafasi kubwa chini yake, Kisongo linakaribia kugusa miti. Halafu KIA iko kwenye tambarare ya Sanya, pakavu pale, wakati Arusha mjini iko kwenye mteremko unaopokea unyevu.

Tatu, KIA wana ILS, mitambo ya redio inayomshusha rubani hata akiwa ndani ya wingu, kwa kawaida mpaka kama futi 200 juu ya ardhi ndipo lazima aone uwanja. Kisongo hakuna. Rubani anatafuta tundu, akilikosa anageuza.

Ngarenaro_Original
Umeeleza vizuri lakini umewatisha watu. Mara ngapi wanageuza?

PakiaPakua
Sijasema kila siku. Nimesema kwa nini wanaogeuza wanageuza.

Kaloleni_Mzawa
Mimi ni mmoja wa waliogeuzwa, na sitaitaja kampuni.

Ilikuwa Julai, natoka Zanzibar, saa nane mchana natakiwa baraza la ardhi kwa kesi ya kiwanja cha marehemu baba. Nikasema ndege ya asubuhi Kisongo, nitafika mapema hata nipige pasi shati. Ndege ndogo ya injini moja, mnakaa mabega kwa mabega na rubani mnamwona kisogo. Mama mmoja mbele yangu amepakata mfuko wa pweza wa barafu. Huko angani juu jua tupu, Kilimanjaro ile pale, watu wanapiga picha. Chini yetu blanketi jeupe kutoka ukutani mpaka ukutani.

Tukazunguka. Kuna mahali wingu likafunguka nikaona kahawa, bati jekundu, ng'ombe wawili, likafunga. Tukazunguka tena upande wa Monduli, wapi. Barafu ya pweza imeshaanza kuyeyuka, maji yanashuka kwenye viatu vyangu vya baraza, mtoto nyuma anatapika kwenye mfuko, na mama wa pweza anasoma dua kwa sauti. Rubani akageuka akasema tunaenda KIA. Hapo simlaumu, alifanya kazi yake, na sote tulishuka wazima.

Lawama yangu iko chini. KIA tukaambiwa gari la kampuni linakuja. Kumbe gari liko Kisongo, dereva anatusubiri kule na simu haipatikani. Tukakaa. Wenye haraka tukachanga tukakodi Noah kwa bei ya mtu aliyeona umekwama. Baraza nikafika limeahirishwa, wenzangu wameshaondoka. Kuomba nauli yangu ya Noah irudishwe nikaambiwa hali ya hewa ni kazi ya Mungu. Sawa, na dereva kuzima simu ni kazi ya nani?

MamaTengeru
Pole sana. Pweza walifika?

Kaloleni_Mzawa
Walifika. Viatu ndiyo havikupona.

Ngarenaro_Original
Mnaisema Kisongo kama kichochoro. Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian ilitua pale, mmesahau?

BomangombeStendi
😂😂 Ilitua kwa makosa! Ilikuwa inakuja KIA! Ikaishia kwenye nyasi, na abiria wakashangaa wako Kisongo. Huo ndio ushahidi wako?

Ngarenaro_Original
Ilisimama au haikusimama? Hakuna aliyeumia. Na baadaye ikaruka ikaondoka palepale.

PakiaPakua
Iliondoka bila abiria. KIA ina mita 3,600 za lami, Kisongo wakati ule zilikuwa kama 1,600. Tusiifanye ajali iliyoponyoka kuwa sifa ya uwanja. Baada ya ajali ya ndege ya Bukoba, Novemba 2022, watu 19 walipofariki ziwani katika hali mbaya ya hewa, mimi rubani akigeuza namwombea heri.

Mzee_wa_Majengo
Vijana, na uwanja wa Moshi mjini mbona hamuutaji? Upo.

BomangombeStendi
Upo mzee wangu, shikamoo. Labda wakodi ndege yao.

Sakina_Juu
Nimerudi, mtandao ulikata. Wageni watatu: mama mkwe, shangazi wa mume wangu na bibi, bibi anatembea kwa fimbo. Mizigo ni ya harusi, kuna masinia, halua na mabegi makubwa mawili. Mdogo wa mume wangu anaoa. Ndoa Jumamosi baada ya adhuhuri, Moshi.

MamaTengeru
MOSHI?

BomangombeStendi
Moshi!! Uzi mzima tunabishana foleni ya Tengeru, kumbe shughuli iko Moshi. Kisongo iko upande wa Dodoma, unawavusha Arusha nzima halafu kilomita 80 nyingine. Kutoka KIA ni kama 40 tu.

Sakina_Juu
Mimi naishi Sakina, hapa Arusha, ndiyo maana. Nilitaka wapite kwangu wanywe chai, wabadilishe nguo.

MamaTengeru
Na wanasafiri lini? Usiniambie Jumamosi hiyohiyo.

Sakina_Juu
Jumamosi asubuhi. Shangazi hapati ruhusa Ijumaa.

MamaTengeru
Dada yangu. Mama wa bwana harusi azunguke angani huku kadhi ameketi? Mama na bibi waje Alhamisi, shangazi afuate peke yake. Na masinia usithubutu, ndege ndogo nyingi wanataka kilo 15 na begi laini. Sinia la shaba peke yake linamaliza.

TangaRaha
Kuna njia hamjaitaja. Wavuke mpaka Tanga, uwanja wetu uko karibu na usawa wa bahari, hakuna mlima wa kugombana nao. Kutoka hapo gari: Korogwe, Mombo wanakula, Same, Moshi. Hakuna wingu litakalowazuia.

Ngarenaro_Original
Bibi mwenye fimbo umpitishe Mombo wakati ndege ipo? Tanga mnapenda kupendekeza Tanga.

TangaRaha
Angalau huku hatuvai makoti ndani ya nyumba.

PakiaPakua
Mleta mada, kama unang'ang'ania asubuhi, jifunze kusoma METAR, ni taarifa fupi ya hali ya hewa ya uwanja, iko wazi mtandaoni. KIA tafuta HTKJ, Kisongo HTAR. Ukiona BKN020 maana yake mawingu yamefunika sehemu kubwa ya anga kwa futi 2,000, kama mita 600, juu ya uwanja huo, siyo juu ya bahari. Sasa piga hesabu: mita 600 juu ya KIA ni karibu 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kisongo iko 1,390. Inabaki kama mita mia. Kwa kuruka kwa macho, kanuni za kimataifa zinataka wingu liwe angalau mita 450 juu ya uwanja na kuona kilomita tano, labda wapewe kibali maalumu. Kwa hiyo KIA wakisema 020, wewe wa Kisongo andaa chai ya kusubiri.

Sakina_Juu
Asante mkuu. Ila ya KIA kwa kupitia Dar imezidi bei, na bibi ataunganisha ndege na fimbo yake. Mume wangu anasema tuchukue Kisongo ya mchana badala ya asubuhi.

BomangombeStendi
Mchana na ndoa ni adhuhuri? Mwambie shemeji asome uzi.

Mzee_wa_Majengo
Wahini blanketi za bibi. Mtu wa Unguja na Julai ya Moshi haviendani.

NoahYaMoshi
Natoa Noah KIA–Moshi, safi, viti saba, masinia yanaingia. Njoo inbox.

Kaloleni_Mzawa
Taja bei hapa hadharani.

NoahYaMoshi
Inategemea na mizigo kiongozi.

Kaloleni_Mzawa
Imeshaanza.