Hivi Eliud Kipchoge ni mtoto wa Kipchoge Keino? Tumewekeana kreti ya soda

Mzee wa Benchi:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hasa nyie majirani zetu wa Kenya. Jana kijiweni tulikuwa tunabishana mambo ya riadha, jamaa mmoja akasema Eliud Kipchoge mbio ziko kwenye damu maana baba yake ni yule Kipchoge Keino aliyechukua dhahabu ya mita 1500 Olimpiki ya Mexico 1968. Mi nikakataa, nikamuuliza kama ni baba yake mbona haitwi Eliud Keino? Akanijibu we hujui majina, jina la kwanza la baba ndo linakuwa la mwisho la mtoto, kama Juma Hamisi mwanae anavyokuwa Saidi Juma. Hapo nikakwama asee, maana hata mi mwenyewe majina yangu yako hivyohivyo. Tumewekeana kreti nzima ya soda. Halafu nikaingia mtandaoni kutafuta ushahidi ndo nikapotea kabisa, nimekuta Daniel Komen kavunja rekodi ya mita 3000 mwaka 1996, halafu Daniel Komen huyohuyo anachukua medali ya fedha ya mita 1500 mashindano ya dunia ya ndani 2006, miaka kumi baadae?? Huyu mtu alikuwa anarudi ujana au?

kijana_wa_Iten:
Fungua soda ndugu yangu, umeshinda. Si baba yake. Wote ni Wanandi, Keino amezaliwa 1940 na Eliud 1984, lakini hakuna undugu hapo. Eliud amelelewa na mama, mwalimu, na aliyemshika mkono kwenye mbio ni Patrick Sang, jirani yao, aliyekuwa na medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji, zile mita 3000, Olimpiki ya Barcelona 1992. Mtoto wa Keino aliyekimbia ni Martin Keino, na unaona mwenyewe amebeba Keino.

Sasa vile majina yanaenda kwetu Wakalenjin, na Wanandi ni kundi mojawapo. Kip ni ya mwanaume, Chep ama Che ni ya mwanamke, halafu inafuata saa ama hali uliyozaliwa ikiwa vipi. Kipchoge ni mtoto wa kiume aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Kiprop, mvua inanyesha. Kipkoech, kunapambazuka. Kiprotich, ng'ombe wanarudi boma jioni. Kiptoo, nyumbani kuna wageni. Kipruto, mama alikuwa safarini. Kwa hivyo ukiona Brimin Kipruto dhahabu ya viunzi na maji Beijing 2008 na Conseslus Kipruto dhahabu hiyohiyo Rio 2016, usiseme ukoo mmoja, sema kina mama wawili walishikwa na uchungu wakiwa njiani.

Na lile la baba kwenda kwa mtoto lipo, jamaa yako hajakosea kabisa, lakini kizamani lilikuwa linakuja na arap, yaani mwana wa, na ile Kip inadondoka. Mtoto wa Kipkoech anakuwa arap Koech. Ingekuwa Keino ndiye mzazi basi Eliud angekuwa arap Choge.

Kitu hunichekesha ni wazungu kumwita Keino "Kip" miaka yote hiyo. Kip pekee yake si jina bana, ni kama umkute Mwanaidi halafu uamue kumwita Mwana.

Saa ya Mkono:
Hapo kwa Komen ni watu wawili tofauti kabisa, na hata mi nilishawahi kuchanganya. Angalia jina la katikati. Wa kwanza ni Daniel Kipngetich Komen, wa 1976, wa pili Daniel Kipchirchir Komen, wa 1984. Kipngetich ni aliyezaliwa asubuhi ng'ombe wanatolewa kwenda malishoni, Kipchirchir ni aliyetoka haraka haraka bila kumsumbua mama.

Huyo wa ng'ombe wa asubuhi msimchukulie poa jamani. Dakika 7:20.67 pale Rieti Italia 1996, na rekodi ikakaa miaka 28 mpaka Jakob Ingebrigtsen alipoivunja Agosti 2024 kwa 7:17.55. Yaani Ingebrigtsen alikuwa hajazaliwa wakati ile rekodi inawekwa. Na 1997 kule Hechtel Ubelgiji Komen akakimbia maili mbili kwa 7:58.61, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 8, maana yake ni maili chini ya dakika nne halafu bila kupumzika unaongeza nyingine ya hivyohivyo. Mwaka huohuo dhahabu ya dunia ya mita 5000 Athens. Cha ajabu kwenye Olimpiki hakuwahi kukanyaga.

Huyo mdogo naye si haba, fedha ya ndani Moscow 2006 na Valencia 2008, ila ukiitwa Daniel Komen ukaamua kukimbia umejitafutia kesi mwenyewe, kila ukishinda watu wanauliza ni yule?

Babu Redio:
Vijana mmeruka kali kuliko zote. Mwaka 1991 nilikuwa darasa la saba, tunasikiliza mashindano ya dunia ya Tokyo kwenye redio ya baba ya mbao, mtangazaji anasema Moses Tanui dhahabu mita 10,000. Siku tano hivi zikapita, Moses Kiptanui dhahabu kuruka viunzi na maji. Baba akasema huyu mtu hachoki? Tukabishana nyumba nzima, mama anasema ni mmoja, mi nasema wawili, redio yenyewe inakoroma tu.

Na kwa hiyo hesabu ya kijana wa Iten ya kudondosha Kip, kumbe ni jina lilelile! Moses na Moses, Tanui na Kiptanui. Kiptanui wa viunzi ndiye alikuwa wa kwanza kushuka chini ya dakika 8 kwenye mbio hizo za viunzi, Zürich 1995, 7:59.18. Tanui naye mtu wa kwanza kumaliza nusu marathoni ndani ya saa moja, Milan 1993, 59:47, halafu Boston akashinda mara mbili, 1996 na 1998. Ila mi namkumbuka kwa kiatu. Stuttgart 1993 yuko mbele mzunguko wa mwisho, Haile Gebrselassie akamkanyaga kisigino, Tanui akakirusha kiatu kando akachanja na mguu mtupu, hasira tupu, mwishoni Haile akampita. Sijamsamehe mpaka leo.

Kijana wa Iten, Tanui maana yake nini?

kijana_wa_Iten:
Mzee shikamoo. Tanui ni kuzimia. Huyo ni mtoto aliyezaliwa kama amezirai, hapumui vizuri mpaka wakamshtua. Pumzi ikaja baadaye, ikaja yote.

Saa ya Mkono:
😂😂 ikaja yote. Basi na hii nyingine ya kinyume: Christopher Kosgei, bingwa wa dunia wa viunzi na maji 1999 Seville, na Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, bingwa 2003 na 2005, aliyekimbia 7:53.63 Brussels 2004. Hao sasa ndo ndugu wa tumbo moja. Shaheen kabla ya kuchukua uraia wa Qatar alikuwa Stephen Cherono.

Dada wa Mbeya:
Na Beatrice Chebet na Beatrice Chepkoech je? Mi nilijua ni mmoja, anaruka viunzi na anakimbia mita 5000.

kijana_wa_Iten:
Wawili dada. Chepkoech ni wa alfajiri, ndiye wa viunzi, 8:44.32 Monaco 2018. Chebet ni wa mchana, dhahabu mbili Paris 2024, na mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29 kwa mita 10,000.

Mzee wa Benchi:
Wakuu asanteni sana, nimemsomea jamaa uzi wote neno kwa neno. Kwanza akaanza kelele kwamba sisi Tanzania hatuna shida hizo, Simbu ni mmoja tu na dhahabu ya marathoni Tokyo 2025 anayo, ingawa ilibidi picha iamue kati yake na Mjerumani. Nikamwambia turudi kwenye soda. Sasa anasema Wanandi wote ni ndugu, kwa hiyo baba ni baba. Na kreti hajaleta.