Dada yangu amerudishwa nyumbani bila dripu kwa sababu damu imeshuka: naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa. Namuuguza dada yangu mkubwa mwenye saratani ya titi, ambaye juzi alipaswa kupata mzunguko wa tatu wa ile dawa nyekundu, doksorubisini, inayotolewa kila baada ya siku 21. Hakupewa. Daktari alipigia mstari neno "neutrofili" kwenye karatasi ya majibu, palipoandikwa 0.8, akatuambia turudi baada ya wiki moja. Tangu hapo majirani wanatuletea juisi ya choya, naye anaimeza kwa kujilazimisha ingawa ana vidonda mdomoni, maana anaogopa uvimbe utakua wiki hii. Je, juisi hiyo itapandisha damu? Nimwangalie nini hadi siku hiyo?

Muuguzi, wodi ya saratani
Poleni sana. Tukisema "damu imeshuka" tunachanganya mambo matatu: chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe sahani zinazogandisha damu, na chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi. Neutrofili ni chembe nyeupe. Dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika haraka, zikiwemo zile za uboho wa mifupa zinakozaliwa chembe za damu, ndiyo maana neutrofili hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha kwa kawaida hupanda zenyewe. Choya haizipandishi, na ukali wake unamchoma vidonda bure. Kusubiri wiki moja ni jambo tunalolifanya mara nyingi, mwambie asiogope.

Ninachokihofia mimi ni homa. Nunua kipimajoto leo hii. Kikisoma 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, mpeleke hospitali hata ikiwa saa nane usiku, na mkifika useme kabla ya lolote kwamba yuko kwenye tibakemikali, kwa sababu anatakiwa kuanza antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Usimtulize kwanza kwa parasetamoli, kwani huificha homa.

Mama aliyemaliza matibabu
Pole mdogo wangu. Mimi niliahirishiwa mara mbili, kisha nikaandikiwa filgrastimu, dawa ya kupandisha neutrofili, sindano ya chini ya ngozi niliyochomwa tumboni kila siku kwa siku kadhaa, kuanzia kesho yake baada ya dripu. Mifupa ya kiuno iliniuma mno, lakini sikuahirishiwa tena. Mwulizeni daktari kama inamfaa. Chakula kiive vizuri, tunda alimenye, na mgeni mwenye mafua amsalimie kwa simu. Nilikuwa naona haya kuwaambia watu hivyo, hadi mume wangu akawa anawaambia yeye.

Mwenye uzi
Asanteni kwa dhati. Kipimajoto nimekinunua, asubuhi kimesoma 36.7. Choya nimewapa watoto, na dada amekunywa uji wa vuguvugu kikombe kizima. Swali la sindano nimeliandika nyuma ya karatasi ya majibu, tutakwenda nalo.