TV ya 4K lakini muvi inaonekana kama tamthilia, shida nini?

Wakuu habari. Hivi ni mimi tu au? Nina TV mpya ya 4K, kioo kikubwa tu, lakini nikiweka muvi inaonekana kama tamthilia za mchana, mtu akitembea anateleza utafikiri ana matairi miguuni, na sura zimelainishwa mpaka hazina vinyweleo. Sini za usiku ndo balaa, pale kwenye kiza unaona viboksi viboksi vinacheza. Halafu muvi za miaka ya 70 naona zina mvuto kuliko hizi za juzi. Shida ni TV, ni mtandao, au watengenezaji wa siku hizi wavivu?

mzee_wa_setingi
Hilo la kuteleza ni TV yako mkuu. Muvi karibu zote zinapigwa fremu 24 (yaani picha moja moja) kwa sekunde, ni hivyo tangu sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, na macho yetu yameuzoea ule mwendo. Sasa TV nyingi zinatoka kiwandani zimewashiwa kitu kinachobuni fremu za katikati ambazo kamera haikuzipiga kabisa. Kwenye mpira iko safi, kwenye muvi inaua. LG wanaita TruMotion, Sony wanaita Motionflow, kila mtu na jina lake, we zima tu. Kama ina Filmmaker Mode (setingi ya kuangalia muvi) ndo rahisi zaidi, ukiwasha hiyo inazima hivyo vikorombwezo yenyewe. Hata Tom Cruise mwaka 2018 alitoa video kuomba watu wazime hiyo kitu, sasa sijui wangapi walimsikiliza 😂. Na shapunesi, ile ya kukoleza kingo za picha, ishushe.

giza_totoro
Viboksi hiyo ni habari nyingine, ni kubanwa kwa picha, yaani data inapunguzwa ili ipite mtandaoni. 4K ya kustrimu mara nyingi inakuja na megabiti kama 15 mpaka 25 kwa sekunde, wakati diski ya Blu-ray ya 4K inaweza kupita 100, kwa hiyo namba za pikseli (vile vidoti vya picha) ni zile zile ila kilichomo ndani sicho. Programu inayobana inatupa vitu pale inapodhani jicho halitagundua, na kiza ndo cha kwanza kuonewa. Cheki moshi, mvua, maji ya bahari, utaona picha inavyohangaika. Diski ya Blu-ray ya kawaida ya 1080 inaweza ikaipiga bao 4K ya mtandaoni na watu hawaamini.

bishano
Nyote mnawatetea watengenezaji bwana. 2019 tamthilia ya Game of Thrones walitoa ile episodi ya vita vya usiku, The Long Night, watu kibao wakalalamika hawaoni kitu, mpiga picha wake Fabian Wagner akasema watu wengi hawajui kuseti TV zao. Mi naona ile ni dharau, unapiga kitu cha kuangaliwa sebuleni na unajua sebuleni taa zinawaka! Nenda kaangalie muvi ya Barry Lyndon ya 1975, sini ya karata imepigwa kwa mishumaa tu, walitumia lenzi za Zeiss zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, fokasi nyembamba kiasi kwamba waigizaji hawakutakiwa kusogea sogea, lakini unaona nani kakaa wapi, nani anamtazama nani, nuru ya njano imekaa shavuni na huku nyuma kiza kimetulia. Kiza kinataka mtu wa kukipanga.

mzee_wa_setingi
@bishano hapo kwenye mwanga nakuunga mkono, muvi ya Tangerine ya 2015 ilipigwa kwa simu ya iPhone 5s na bado ina sura yake, kuna muvi za hela ndefu hazina. Ila jamaa anaangalia mtandaoni, hata hiyo mishumaa yako ikibanwa itatoka viboksi.

Muulizaji
Nimezima, kuteleza kumekwisha kabisa aisee. Viboksi bado vipo. Nipandishe braitnesi?

giza_totoro
Usiguse. Kwenye TV nyingi hiyo inapandisha kiza kiwe kijivu na viboksi vinazidi kuonekana. Punguza taa za chumbani, na ile unayoipenda sana tafuta diski.

bishano
Au aangalie muvi zenye sini za mchana tu 🤣