Kutoka mpira wa tepu kwenda mpira wa ngozi: mpigaji wa shoto anunue kinga zipi kwanza?

Shoto_Upanga

Habari wakuu. Nimezoea kriketi ya mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu. Sasa naingia klabu inayochezea mpira wa ngozi, mechi za wikiendi, kiwanja cha mkeka juu ya zege. Napiga kwa shoto. Begi la klabu lina pedi za miguu jozi tatu, glavu jozi mbili na helmeti mbili, na glavu zote ni za wanaopiga kwa kulia. Hela ya seti nzima kwa mkupuo sina. Nianze na kipi, na kipi naweza kuendelea kuazima bila hatari? Kuna helmeti ya mtumba nimeiona, bei nzuri, haina hata mkwaruzo. Kichwa changu ni sm 55.

---

Mkeka_na_Zege

Karibu kwenye mpira wenyewe, mkuu. Mpira wa tenisi una gramu kama 58 na ukikugonga unabonyea. Wa ngozi wa wanaume ni gramu 156 hadi 163, na haubonyei hata kidogo: nguvu yote inaingia kwenye mfupa. Halafu mkeka juu ya zege unarusha mpira juu kuliko udongo wenye nyasi. Mpira uliodunda mahali palepale, ambao kwenye nyasi ungekufikia kiunoni, hapo unakuja mbavuni.

Nunua kwa mpangilio huu: boksi (kinga ngumu ya sehemu za siri), helmeti, glavu, pedi ya paja, mwisho pedi za miguu. Pedi za miguu ndiyo kinga pekee kwenye begi la klabu unayoweza kuazima msimu mzima bila wasiwasi mkubwa.

Boksi ni bei ndogo kuliko vyote na haliazimwi, hilo halina mjadala. Tafuta lenye ukingo uliovikwa sponji au mpira laini, kwa sababu la plastiki tupu likigongwa linakata ngozi kwa ukingo wake. Livae ndani ya chupi ya kubana yenye mfuko maalumu wa mbele. Ukilitia ndani ya bukta pana linahama unapokimbia, na boksi lililohama upande linabana badala ya kukinga. Likipata ufa hata mdogo, litupe. Wanawake wana umbo lao la kinga hii, wasichukue la wanaume.

Helmeti sasa. Ya mtumba achana nayo. Sponji ya ndani ikishabonyezwa na pigo moja kubwa hairudi ilivyokuwa, na gamba la nje linaweza kung'aa kama jipya. Hata muuzaji hawezi kujua kama iliwahi kuangushwa kwenye sakafu. Tazama lebo ya ndani: unataka iandikwe BS 7928:2013. Kiwango hicho cha Uingereza ndicho kilichoanza kupima kama mpira unaweza kupenya kati ya kibaraza cha mbele na wavu wa chuma, au kuusukuma wavu mpaka uguse uso. Helmeti nyingi za zamani zilipimwa gamba, uso ukasahaulika.

Kwa kichwa cha sm 55 kuna mtego. Dukani watakupa saizi ya vijana, na itakukaa vizuri kabisa. Lakini helmeti hupimwa kwa mpira wa watu wazima, au mpira mdogo wa watoto, au yote miwili, na lebo inasema ni upi. Mpira wa watoto ni mwembamba na una gramu 133 hadi 144 tu. Kama lebo haitaji mpira wa watu wazima, usiinunue hata ikikukaa kama ulizaliwa nayo. Chukua saizi ndogo ya watu wazima yenye gurudumu la kukazia kwa nyuma.

---

Glavu_Kavu

Mkeka_na_Zege kasema sawa, ila kwa shoto mimi ningepandisha glavu ziwe sambamba na helmeti. Helmeti ya klabu ikiwa na lebo nzima na ikikukaa, unaweza kusogeza nayo mwezi mmoja. Glavu za kulia kwenye mikono ya shoto ni kuvunjika kidole kwa miadi.

Sababu ni hii. Mkono wa chini kwenye mpini (kwako wa kushoto) ndio unaotazamana na mpira. Kidole cha shahada na cha kati cha mkono huo vinabanwa kati ya mpira na mpini, kwa hiyo watengenezaji huviongezea kipande kigumu cha plastiki au faiba. Gumba la mkono huo nalo lina ngao ya pembeni. Kwenye glavu za kulia, vitu hivyo vyote viko mkono wa kulia, ambao kwako uko juu na hauhitaji kiasi hicho. Wa chini unabaki na sponji tupu.

Saizi: pima kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, kisha fuata jedwali la mtengenezaji husika, maana hayafanani. Ukivaa, shika gongo lako, usijaribu mkono mtupu. Ncha ya kidole ikigusa mwisho wa glavu ni ndogo. Ikibaki nafasi ya zaidi ya sentimita moja ni kubwa, na mpini utazunguka mkononi.

Nunua glavu nyembamba za pamba za kuvaa ndani, jozi mbili. Kwa joto la Dar moja italowa kabla hujafika mikimbio 20. Jasho ndilo linaloua glavu: kiganja cha ngozi kinakuwa kigumu kama gamba la mkate. Usizianike juani wala kuzifungia ndani ya begi. Ziweke kivulini penye upepo, vidole juu.

---

Shoto_Upanga

Asanteni sana. Maswali mawili. Wavu wa helmeti za klabu umelegezwa ukashushwa, jamaa wanasema unaona vizuri zaidi. Ni sawa? Na warushaji wa spini (wanaorusha polepole na kuuzungusha mpira) wakija, wengi wanavua helmeti kabisa.

---

Mkeka_na_Zege

Si sawa. Mpira una upana wa sm 7 na ushei. Chukua mpira halisi, uusukume kwa nguvu za mkono kati ya kibaraza na wavu. Ukiingia au ukikwama nusu, hiyo helmeti haifai kuchezewa hadi wavu urudishwe mahali pake. Zile za kiwango kipya nyingi wavu wake haurekebishwi, na ni kwa makusudi. Kutoona vizuri mara nyingi kunatokana na helmeti kukaa vibaya: ikiegemea nyuma, nondo ya juu ya wavu inakuja mbele ya macho. Ikae vidole viwili hivi juu ya nyusi, ukanda wa kidevuni ukazwe, kisha tikisa kichwa. Isisogee yenyewe.

Spini: vua kama hupigi swipu (kuinama na kuufagia mpira pembeni kwa gongo). Ukipiga swipu na mpira ukagonga ukingo wa juu wa gongo, unakuja usoni kutoka umbali wa nusu mita, na hapo kasi ya mrushaji haihusiki tena. Mimi nasema ibaki kichwani.

Na tafadhali usiipake rangi wala kubandika stika zenye gundi kali. Kemikali zake hula plastiki ya gamba. Helmeti ya bodaboda (kuna watu huuliza) inaziba macho ya pembeni na haina wavu.

---

Mpini_Mrefu

Naongeza yaliyoachwa.

Pedi ya paja. Kwa shoto mguu wa mbele ni wa kulia, kwa hiyo pedi kubwa inakaa upande wa nje wa paja la kulia, na ile ndogo ya ndani inakaa paja la kushoto. Ya mpigaji wa kulia ukiigeuza juu chini ili ikukae, mkunjo wake hautafuata paja na itaning'inia. Ikining'inia inagongana na pedi ya mguu na kutoa mlio, na mlinda wiketi (anayedaka mpira nyuma yako) atadai umeugusa mpira kwa gongo ili utolewe. Waamuzi wa wikiendi nao wana masikio ya huruma kwa mrushaji.

Pedi za miguu: goti liingie katikati ya mito ya goti ukiwa umesimama kwa mkao wa kupiga, magoti yamekunjwa kidogo. Kila pedi ina mguu wake, mikanda ifungwe upande wa nje. Ukanda wa juu uache uingie vidole viwili, ukikazwa sana damu inabanwa na goti halikunjiki. Wa chini ndio ukaze.

Kinga ya kifua, kwa mkeka na warushaji wa kasi, ningeiweka mbele ya kinga ya mkono. Ivae upande wa kulia, ndio unaotazama mrushaji.

Kinga ya shingo: vile vipande vya kubandika nyuma ya helmeti vilienea baada ya Phillip Hughes kupigwa chini ya helmeti mjini Sydney, Novemba 2014, akafariki siku mbili baadaye. Nunua cha mtengenezaji uleule wa helmeti yako. Cha wengine hakishiki vizuri, na kikichomoka kwenye pigo la kwanza hakina kazi kwa la pili.

Vaa hivi: boksi, mapaja, kifua, pedi za miguu, helmeti, glavu mwisho. Ukishavaa vyote, kimbia kutoka mstari hadi mstari, mita 17.68, mara tatu mfululizo ukiwa na gongo, ukigeuka kila mwisho. Kinachoshuka, kinachozunguka au kinachokukwaruza kitajulikana hapo kwenye mazoezi, siku ambayo bado unaweza kukirudisha dukani.