Tupeane uzoefu: ni nini kilichokurudishia ari ya kazi ya uhandisi ilipofifia?

Ndugu wahandisi wenzangu, pamoja nanyi mafundi mnaofanya kazi nasi bega kwa bega, naomba tulizungumze jambo ambalo wengi tunakaa nalo moyoni bila kulisema. Tuliingia katika fani hii tukiwa na shauku ya kutengeneza vitu vitakavyowafaa watu, kisha miaka ikapita na kazi ikawa ni vikao, majedwali, zabuni na michoro inayorekebishwa kila mara, hadi mtu anafika kazini asubuhi akiwa hajui tena anamtumikia nani. Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi ya Uingereza ilipopata hati ya kifalme mwaka 1828, uhandisi ulielezwa kuwa ni sanaa ya kuziongoza nguvu kuu za maumbile kwa matumizi na manufaa ya binadamu. Kwa maoni yangu, mhandisi aliyepoteza ari huwa bado anazimudu hizo nguvu za maumbile vizuri kabisa. Aliyemtoka machoni ni huyo binadamu.

Nianze na ya kwangu. Kazi yangu ni mifumo ya ulinzi katika njia kuu za umeme. Relei, yaani kifaa kinachotambua hitilafu kwenye njia ya umeme, inaweza kukaa miaka mingi bila kufanya lolote, na siku hitilafu inapotokea inatakiwa iitambue na kuiamuru sakiti breka ikate umeme, yote katika muda unaokaribia sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ikifanya kazi yake sawasawa hakuna anayejua, na baada ya muda hata mimi niliyeipangia viwango vyake nilianza kuiona kama tarakimu tu. Kilichonibadilisha ni kuanza kufuatana na kikosi cha matengenezo pale njia inapozimwa. Nilimtazama fundi akipima kwa kifaa kuhakikisha kwamba waya hauna umeme, akaunganisha nyaya za ethi, zinazopeleka ardhini umeme wowote utakaojitokeza, pande zote mbili za mahali pa kazi, kisha ndipo akavua kofia ngumu, akajifuta jasho, akaivaa tena na kupanda. Hakuwa na haraka hata kidogo. Tangu hapo, ninapokagua viwango vya relei naviona vikiwa na mikono ya mtu upande wa pili, na sijawahi tena kuiona kazi hiyo kuwa ya kuchosha.

Karibuni. Ningependa kila mmoja aeleze jambo lililotokea na alichokibadilisha baadaye, hata kama ni kidogo.

Mhandisi wa maji

Asante kwa kuianzisha mada hii. Mimi nilisimamia mtambo wa kusafisha maji, na kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa ripoti: kiasi cha shabu ya kugandisha uchafu kilichotumika, uchafu wa maji kabla na baada ya machujio ya mchanga, saa za pampu. Tarakimu zilikuwa nzuri, lakini nilizisaini bila hisia yoyote.

Siku moja mchukua sampuli hakuwepo, nikaamua kwenda mwenyewe hadi mwisho wa mtandao wa mabomba, mahali ambapo maji huwa yamesafiri muda mrefu na klorini imepungua. Mama mwenye nyumba alinifungulia bomba. Niliyaacha maji yatiririke kwanza, nikajaza kichupa, nikatia kidonge cha kupimia na kukiponda, na maji yakaanza kugeuka rangi ya waridi iliyofifia. Mama akauliza kama rangi hiyo ni ya ugonjwa. Nikamweleza kwamba ni kinyume chake, kwamba rangi hiyo inaonyesha kuwa kinga tuliyoitia mtamboni imefika hadi kwake, na kwamba tunataka ibaki angalau miligramu 0.2 katika kila lita hapo bombani. Akamwita binti yake aje aone.

Niliporudi nilipanga upya zamu, ili kila anayeendesha mtambo, akiwemo anayekaa chumba cha udhibiti usiku, awe na siku yake ya kwenda kupima mwisho wa mtandao. Wapo waliolalamika mwanzoni kwamba si kazi yao. Leo ndio wanaouliza kwa nini klorini ya eneo fulani imeshuka. Mara nyingi huwaeleza vijana habari za Jersey City huko Marekani, ambako mwaka 1908 daktari John Leal na mhandisi George Fuller walianza kutia klorini mfululizo katika maji ya mji, jambo likabishaniwa mahakamani kabla ya kukubaliwa, kisha miji mingine ikafuata. Kazi tunayoiona ya kila siku kuna watu waliotetea haki ya kuifanya.

Mhandisi wa miundo

Yangu ni kukagua michoro ya watu wengine, kazi isiyo na sifa. Anayebuni jengo hupigwa picha siku ya uzinduzi, na anayekagua viungo vya chuma hukumbukwa pale tu anapochelewesha mradi.

Ari yangu ilirudi nilipopewa wahitimu wapya wa kuwafundisha. Huwapa mfano wa hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani, ambako tarehe 17 Julai 1981 njia za juu za waenda kwa miguu ziliporomoka ukumbini na watu 114 wakafariki. Siwasimulii kisa chote. Nawachorea tu vyuma vya kuning'inizia: katika usanifu wa awali, chuma kimoja kirefu kilipita njia ya juu hadi ya chini, katika michoro ya kiwandani kikagawanywa kuwa viwili, ili ya chini ining'inie kwenye ya juu. Kisha nawaomba waonyeshe ni mzigo gani unaobebwa na nati iliyo chini ya boriti ya juu katika kila mchoro. Kijana mmoja alichora mishale yake, akanyamaza, akafuta, akachora tena, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba umekuwa maradufu. Ni hesabu ya mstari mmoja, na kwa kiungo hicho haikufanywa.

Kumwona mtu akilitambua hilo kwa mkono wake mwenyewe kulinikumbusha kwa nini ukaguzi upo. Sasa sikubali mchoro uliobadilishwa kiwandani urudi kwangu bila maelezo ya njia ya mzigo, yaani uzito unapitia wapi hadi chini, na ninapoambiwa kuwa nachelewesha, najibu kwa utulivu.

Mchangiaji aliyesomea Kanada

Nyongeza fupi kwa kaka hapo juu. Kule wahitimu wa uhandisi huvishwa pete ya chuma ya kuwakumbusha wajibu wao, katika sherehe iliyoanza mwaka 1925, na huvaliwa kidole cha mwisho cha mkono wa kuandikia ili iguse karatasi unapofanya kazi. Yangu imelainika kwa miaka, lakini bado naisikia ikigonga meza.

Msanifu wa programu za vifaa vya tiba

Sisi wa programu tuko mbali zaidi na mtu, kwa hiyo hatari ya kumsahau ni kubwa zaidi. Mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwazidishia mionzi wagonjwa katika matukio sita kati ya 1985 na 1987, na sababu mojawapo ni kwamba ulinzi uliokuwa wa kimitambo katika mashine zilizotangulia ulikuwa umeachiwa programu peke yake. Nililijua hilo tangu chuoni, lakini kulijua hakukunizuia kuchoka.

Niliomba kukaa wodini zamu moja, nitazame pampu ya kuingizia dawa mshipani ikitumika. Kengele ililia, na muuguzi akainyamazisha kwa kidole gumba bila kuitazama, akiendelea kuzungumza na mgonjwa. Ililia tena, akafanya vilevile. Nilipomuuliza, alisema kwa upole kwamba hulia hivyo kutwa nzima. Niliporudi niliomba nihamishiwe kwenye programu ya kengele hizo, kazi ambayo hakuna aliyeitaka, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mhandisi wa mitambo

Naomba niseme la upande wa pili. Nilijaribu haya yote katika kiwanda kimoja na hayakusaidia, kwa sababu ripoti za usalama nilizoandika ziliwekwa kabatini. Ari ilirudi nilipohama. Tusimwambie mtu asiyelala wala kusikilizwa kwamba tatizo ni moyo wake.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, umesema kweli, na nashukuru kwamba limesemwa wazi. Ningependa sasa tuwasikie wale ambao hawawezi kumwona mtumiaji hata wakitaka: wanaosanifu beringi, vali au vipuri vinavyouzwa kwa viwanda vingine na kupotelea ndani ya mashine za watu. Nyinyi mnamtafutaje huyo mtu, na nani kazini kwenu huwaletea habari zake?