Protini ya GAPDH haishuki, seli zinakufa. Nakosea wapi?

Mwanafunzi wa Kimara
Habari wakuu. Nasoma shahada ya pili hapa Dar. Kabla sijagusa jeni ya utafiti wangu, najaribu kwanza kuzima GAPDH, jeni ya kawaida ya kujaribia, kwenye seli za HeLa (seli za saratani za binadamu zinazokuzwa maabara): sahani ya vishimo 24, siRNA (vipande vifupi vya RNA vya kuzima jeni) nanomola 10, naiingiza kwa lipidi iitwayo Lipofectamine RNAiMAX. Nikipima protini baada ya saa 24, iko vilevile. Tena seli nyingi zinang'oka na kuelea, hata kwenye vishimo vyenye lipidi tupu. Nimerudia mara tatu. siRNA iliyobaki inatosha majaribio mawili, na kuagiza nyingine ni wiki saba. Juzi umeme ulikatika usiku kucha, friza ikayeyuka. Sijui ndiyo imeharibika?

Mama Wawili
Pole mdogo wangu. Usiitupe. siRNA ni nyuzi mbili zilizoshikana, inavumilia kuliko mRNA, ile nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini. Nyingi husafirishwa zikiwa unga mkavu, bila barafu. Adui yake ni vimeng'enya vya mikononi mwetu. Vaa glovu mpya, igawe kwenye vichupa vidogo leo hii.

Ulichokosea ni muda. siRNA haigusi protini. Inaingia kwenye RISC, kundi la protini ndani ya seli, kimeng'enya chake Argonaute 2 kinakata mRNA, kazi yake imeishia hapo. Ukifunga koki ya barabarani, simtanki juu ya paa si bado limejaa? Mtaoga na kufua mpaka likauke. GAPDH ni simtanki kubwa, protini yake haivunjiki upesi. Pima mRNA saa 48, protini saa 96.

Fundi Seli
Na hivyo vifo, chakula cha seli kina penisilini na streptomaisini?

Mwanafunzi wa Kimara
Kina. Kwa joto hili naogopa bakteria.

Fundi Seli
Viondoe siku ya kuingiza. Lipidi inapitisha na dawa hizo ndani ya seli, zinakuwa sumu. Punguza lipidi nusu, na seli ziwe zimefunika kishimo kiasi cha nusu hivi. Usisahau kishimo cha kulinganishia, chenye siRNA isiyolenga jeni yoyote. Ukifika kwenye jeni yako, tumia siRNA mbili tofauti. Moja peke yake siiamini, huwa inagusa jeni nyingine.

Mwanafunzi wa Kimara
Asanteni sana, dada na kaka. Vichupa nimeshagawa. Napanda seli Jumatatu, siRNA Jumanne, mRNA Alhamisi, protini Jumamosi. Nitaleta majibu hapahapa.