GFAP inawaka hipokampasi, koteksi giza tupu. Kingamwili mbovu?

SeliNyota: Wadau wa maabara habari zenu, naombeni msaada maana wiki ya tatu hii nazunguka palepale. Nina vipande vya ubongo wa panya, maikromita 40, vya kuelea kwenye bafa, ubongo ulikaa PFA 4% (dawa ya kukazia tishu) usiku mmoja. Napaka kingamwili ya GFAP (protini ya astrosaiti, zile seli za ubongo zenye umbo la nyota) usiku kucha nyuzi 4, kesho yake naweka kingamwili ya pili inayoshika ile ya kwanza, yenye rangi ya kijani. Hipokampasi inatoka vizuri sana, nyota na mikono yake yote, ila nikisogeza slaidi juu kidogo kwenye koteksi naona giza, alafu mishipa ya damu ndo imewaka yenyewe. Nimeongeza Triton (sabuni ya kufungua utando wa seli) mpaka 0.5% wapi. Niitupe hii kingamwili?

mzee_wa_slaidi: Usitupe ndugu yangu, iko sawa kabisa, hiyo hipokampasi ndo ushahidi wako. Koteksi ya panya mzima asiye na jeraha astrosaiti wamo wengi tu ila GFAP yao ni kidogo mno hata huioni. Angalia pembeni kabisa chini ya utando wa ubongo na kwenye njia nyeupe, utawakuta wanawaka. Ndo maana mtu akihesabu astrosaiti kwa GFAP peke yake mimi huwa siamini ile namba, na hata anayewaka GFAP inaonyesha kiunzi tu, kama asilimia 15 ya ujazo wa seli, ile manyoya membamba yote haipo pichani. Za kuhesabu weka kingamwili ya Sox9, protini ya astrosaiti inayokaa kwenye kiini, ni nukta safi. S100β, protini yao nyingine, nayo inafaa ila inashika na baadhi ya oligodendrosaiti (seli zinazofunika nyuzi za neva), kuwa makini.

Dada Maikro: Na hiyo mishipa, GFAP yako ilitengenezwa kwenye mnyama gani? Kama ni panya, basi ile ya pili inakamata kingamwili za panya mwenyewe zilizobaki kwenye damu. Paka kipande kimoja bila ya kwanza uone.

SeliNyota: Dada umepiga penyewe, ni ya panya kweli, na leo nimepaka bila ya kwanza mishipa imewaka vilevile!! Sikuwahi kuweka kontroo hiyo, kumbe. Sasa nanunua GFAP ya sungura, na nataka maikroglia (seli za kinga za ubongo) kwenye kipande hichohicho, kingamwili yao ya Iba1 niliyonayo ni ya sungura pia.

Dada Maikro: Hapo zitagongana mdogo wangu, ya pili ya sungura itashika zote mbili na hutojua nani ni nani. Chukua GFAP ya kuku, Iba1 ibaki sungura. Na ujue Iba1 inapaka na makrofaji (seli za kinga) waliotoka kwenye damu, kama panya wako wana jeraha ongeza TMEM119 au P2RY12, alama za maikroglia wenyewe, kwenye vipande vingine.